Uzi wa Bi Mahfudha na Gari Jekundu

Ndugu yangu Zein alinunua gari la mbio mwaka wa tisini na sita, katika kisiwa ambacho ukitia gea ya nne umeshafika baharini. Alikuwa na miaka arubaini na mmoja, kitambi cha kutosha na presha ya kurithi. Kazi yake ilikuwa ukarani katika kampuni moja ya malori huko Shimanzi, kugonga mihuri kwenye makaratasi ya makontena, na sijasikia mtu aliyechelewa kugonga muhuri kwa kukosa gari la mbio. Mimi ni dada yake, Swafia, namzidi miaka mitatu, na nayasema haya kwa haki ya kuzaliwa kwanza.

Wazo la gari halikuwa lake, lilikuwa la mama. Mama yetu, Bi Mahfudha, alianguka kwenye ngazi za nyumba yetu ya Ndia Kuu miaka miwili kabla, akavunjika nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Akiketi mahali palipoinuka, salama. Akiketi chini, maumivu humtoa machozi, na hainuki ila kwa watu wawili. Mdogo wake, mama mdogo Mejumaa, alikuwa Majengo, amepooza upande mmoja, hatoki kitandani. Ndugu wawili, mmoja haendi na mwengine haji, na baina yao ni mwendo wa dakika kumi. Mama akauza bangili zake za arusi, akampa Zein aongeze kwenye akiba yake.

"Nataka kumuona Mejumaa kabla mmoja wetu hajafa," alisema. Hakutaka gari kwa jambo jingine lolote.

Mama alikuwa mshoni wa kofia. Hakujua futi wala sentimita. Kila kichwa alikipima kwa uzi, akapiga fundo, akautia uzi kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe ule una vichwa vya nusu ya mtaa, vingine wenyewe washazikwa. Siku ile aliushusha uzi kutoka ukingo wa kiti chake hadi sakafuni, akapiga fundo, akampa Zein.

"Kiti cha gari kisipofika fundo hili, mwanangu, usininunulie."

Zein akambusu mkono, akautia uzi mfukoni.

Nilikwenda naye kwenye yadi, maana namjua. Mwenye yadi, mzee Abdulghafur, alikuwa na magari mawili ya Kijapani, madogo, ya mwaka mmoja, pacha kabisa isipokuwa mapambo. Jeupe lilikuwa na viti vya mahameli vilivyoinuka, springi laini na kiyoyozi. Jekundu lilishushwa chini, viti vyake vina mabawa ya kubana mbavu, magurudumu mapana, na juu ya buti pamefungwa ubao wa plastiki ambao mpaka leo hakuna aliyenieleza unamsaidia nani.

"Hini nyeupe ni ya kustarehe," Abdulghafur alisema. "Hini nyekundu ni ya mbio. Bei ni moja. Wataka kumpakia nani?"

"Mamangu," Zein akajibu.

"Basi nyeupe. Nyekundu ni ya mtu asiye na mama, na ndia zake hazina mashimo. Nyumba njema si mlango, yakhe."

Muuzaji mwenyewe ndiye aliyemwambia. Lakini Zein alikuwa ameshaingia ndani ya jekundu, tumbo limegusa usukani, anatazama saa ya mwendo iliyoandikwa mpaka mia mbili na ishirini. Akawasha. Moshi ukatoka nyuma, mngurumo ukatoka nyuma, na nje ya lango malori yalikuwa yamesongamana toka asubuhi, hata punda asingepenya.

"Zein, pima," nikamwambia. "Uzi u mfukoni mwako."

"Dada, mama ni mwepesi. Atazoea."

Nyonga ya mtu izoee kiti. Nilitaka kumvuta sikio mbele ya mzee wa watu, na najuta kwamba sikumvuta. Uzi aliutoa kweli, lakini hakupima. Aliutundika kwenye kioo cha mbele, pamoja na tasbihi, akaniambia ni baraka za mama. Alipewa kipimo, akakifanya hirizi.

Wiki mbili zikapita na mama hajalipanda. Alikuwa amevaa buibui lake lililopigwa pasi, ameketi, kila siku baada ya alasiri. Zein alikuwa na udhuru wa kila namna: springi lazima zizoee, vioo vinatiwa giza, leo limetoka kuoshwa. Jioni jioni alikuwa akilizungusha kule ufukweni Mama Ngina, watu wanakula mihogo yao, yeye anawangurumia masikioni. Nadhani alijua. Alikuwa anaogopa kuufungua mlango ule mbele ya mama.

Ijumaa moja karibu na adhuhuri mjukuu wa mama mdogo Mejumaa alikuja mbio. Bibi yake alikuwa na hali mbaya, na alikuwa akimwita dada yake kwa jina la utotoni. Mama akasimama na mkongojo wake. Zein akalileta gari mpaka mlangoni, akaufungua mlango kama dereva wa gavana.

Mama alikitazama kile kiti.

"Kiko tini, Zein. Hakifiki fundo."

"Jaribu, mama. Nitakushika."

Alijaribu. Lile bawa la pembeni lilimpiga kwenye nyonga ile ile, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku alipoanguka. Tulimtoa mimi na Zein. Nikaulizia teksi, ikawa adhana imetoka, madereva wote wako msikitini. Mama alisimama pale, kajishika ukutani, akilia, na kilio chake hakikuwa cha nyonga.

Hapo ndipo Kahindi alipotokea na mkokoteni wake. Kahindi ndiye aliyetuletea maji kila siku mabomba yalipokauka, na mabomba yalikuwa yamekauka mwaka mzima. Aliuliza pana nini, nikamwambia. Akayashusha madumu yote kumi barazani kwetu bila ya kuambiwa.

"Bi Mahfudha aketi urefu gani?" akauliza.

Nilitia mkono ndani ya gari jekundu, nikautoa uzi pale kiooni, nikampa. Kahindi akausogeza mkokoteni mpaka kwenye ngazi ya mlango, akatia mawe kwenye magurudumu, akapima kutoka ngazi mpaka ubao. Ubao ukapelea vidole vinne kufika fundo. Nikaleta godoro, akalikunja mara mbili, akapima tena. Fundo likakaa sawasawa. Mama akaketi, akanyoosha mguu wake, akavuta pumzi.

"Haya, twende," akasema.

Tukaenda Majengo, Kahindi anavuta, mimi nashikilia godoro. Nyuma yetu akafuata Zein na gari la mbio, gea ya kwanza, linakohoa, maana aliona haya kubaki na akaona haya zaidi kutupita. Pale ndia ilipopanuka mama aligeuka.

"Mwambie nduguyo, akiona twamchelewesha, atupite."

Hakupita. Watu waliotoka msikitini walisimama kando kuangalia.

Mama mdogo Mejumaa alikuwa hai. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo alipoambiwa dada yake amekuja juu ya mkokoteni wa maji, na wakashikana mikono mpaka magharibi. Akaishi Ijumaa saba zaidi, na Ijumaa zote saba Kahindi alikuja na mama akapelekwa. Uzi alikuwa ameufunga kwenye mpini wa mkokoteni, na kila safari alipima upya, kwa sababu, alivyoniambia, godoro hubonyea.

Baada ya matanga Zein akaja nyumbani, sura imemshuka. Alitaka kuliuza jekundu anunue jengine, kama lile jeupe, ambalo Abdulghafur alikuwa ameshaliuza siku nyingi. Safari hii, akasema, atapima.

"Nipe ule uzi, mama."

Mama alikuwa anashona. Hakuinua mato kutoka kwenye sindano.

"Sina. Muombe Kahindi."

"Si upige fundo jengine?"

"Kichwa chako n'nakipimia kofia tangu u mtoto, Zein, na uzi wake ni mrefu kuliko nyuzi zote za mkebe huu. Sijui kimejaa nini. Nenda kamuombe."

Kahindi alikuwa hapo nje, mlango wa nne, anawateremshia jirani madumu yao. Kutoka kizingiti chetu hazifiki hatua thelathini. Zein alisimama mlangoni, na tai yake ya kazini, funguo mkononi, akamtazama. Nilijisemea akienda, nitamsamehe yote. Wallahi ningemsamehe.

Akatoa kitambaa mfukoni, akaenda kulipangusa gari.