Kivuli Juu ya Kahawa

Jumamosi mchana tulijaa kwenye ghala la ushirika, Matiri, magunia yametundikwa madirishani ili kuwe na giza. Ukutani ilionyeshwa filamu ambayo binti wa hapahapa kijijini ameipiga peke yake. Haina muziki, wala hakuna anayesema neno. Ni kichanja cha kuanikia kahawa tu, na mikono ya mwanamke ikichambua punje mbovu, moja moja, bila haraka.

"Hiyo imekwama," alinong'ona mwenye duka aliyekaa nyuma yangu. Nami, niseme kweli, nilikuwa nimeshaangalia saa mara mbili.

Kisha kivuli cha wingu kikaanza kutambaa juu ya ile kahawa, polepole. Mikono ikasita. Mama mmoja mkulima, jirani yangu kwenye benchi, akakaza kanga yake kiunoni, akainuka, akatoka mbio.

Aliporudi alikuwa anahema. Binti akasimamisha filamu. "Kwema, mama?"

"Kwema, mwanangu. Nilikwenda kufunika kahawa. Endelea."

Hakuna aliyecheka, hata mwenye duka.

Tulipotoka, jua lilikuwa linachoma utosi na juu hakukuwa na wingu hata moja. Ng'ambo ya barabara, vichanja vya yule mama vilikuwa chini ya turubai. Alikuwa amefunika na vya jirani yake aliyekwenda sokoni.

Mimi huandika maneno mengi gazetini kila wiki. Sijui kama yamewahi kumwinua mtu kwenye benchi.