Siku Niliyokwama Ndani ya Kigari cha Akinyi Sokoni Kibuye

Habari hii mke wangu ameisimulia mara nyingi kuliko mimi, na kila akianza tu, mimi huwa nakumbuka ghafla kwamba kuna bomba huko nje linavuja. Leo acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ukiisema kwa mdomo wako inapungua uzito kidogo (si sana, lakini inapungua).

Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea kuisha, na mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya msingi hapa Kisumu, mwanamume mrefu mwenye tumbo ambalo mimi nililiita afya na mke wangu, Rose, akaliita chapati. Binti yetu mkubwa, Akinyi, alikuwa na miaka kumi na tatu, na mwaka huo alianguka kutoka juu ya mpera akavunjika mguu wa kulia, akakaa na plasta miezi hadi tukaizoea kama kiti kingine cha nyumbani. Siku plasta ilipotolewa tulidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza, maana mguu ulitoka mwembamba kama fimbo na goti likakataa kukunjika. Akinyi akawa hatoki nje. Akiitwa na wenzake anasema ana kazi ya shule, hata likizo.

Daktari akatuambia mtoto akanyage pedali kila siku, goti litafunguka lenyewe. Tukamletea baiskeli ya jirani, akaitazama, akarudi nyuma, akasema, "Baba, nitaanguka tena." Basi Rose ndiye aliyekumbuka kwamba Kibuye, kwa wale wauza vitu vya mitumba, huwa kuna vile vigari vya pedali walivyoacha Wazungu na Wahindi waliohama, chuma na magurudumu manne, mtoto anaketi chini anakanyaga na haanguki popote. Na mdogo wake, Okoth, wa miaka saba, naye angepata cha kuchezea.

"Lakini nenda naye mwenyewe akakikalie," Rose akaniambia. "Usichague kwa macho."

Mimi nikasema hapana, nataka iwe ajabu kwake, afungue mlango aone gari. (Huo ndio uamuzi. Mdogo tu, kama unavyoona. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.)

Jumapili nikatoka ibada ya asubuhi nikaenda moja kwa moja sokoni, na suti yangu ya kijivu na tai, nimenyooka kama mgeni wa heshima. Jumapili Kibuye inajaa hadi njia inapotea, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kupita upande wa juu, kwa sababu upande wa chini ndiko mama mkwe wangu alikouza viazi vitamu akija kutoka Pap Onditi. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Ni heshima tu. Kwetu sisi mama mkwe unamheshimu kwa mbali, huketi alipoketi, humkodolei macho, na akipita njia hii wewe unapata shughuli njia ile. Miaka kumi na minne tulikuwa tumeishi hivyo kwa amani kabisa.

Muuzaji aliitwa Mama Benta, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alikuwa na vigari viwili. Kimoja kilikuwa chekundu, kidogo, kinang'aa, pedali zimefungwa moja kwa moja kwenye magurudumu ya mbele. Nikaona hicho ni cha Okoth peke yake, Akinyi angekikalia magoti yangemfika masikioni. Cha pili kilikuwa cha buluu, kikubwa, kina mnyororo kama wa baiskeli, matairi ya mpira, breki ya mkono, na kiti cha kusogeza mbele na nyuma kwa kufungua nati mbili. Nikakizunguka. Nikakipiga teke tairi (sijui kwa nini wanaume tunafanya hivyo). Swali likawa moja tu: miguu ya msichana wa miaka kumi na tatu itafika? Na mimi nilipojiuliza miguu ya binti yangu ina urefu gani, nikagundua sijui.

"Mwalimu, mbona unafikiria sana?" Mama Benta akasema. "Ingia wewe mwenyewe. Kama wewe unatosha, mtoto atakosaje kutosha?"

Mtu wa hesabu angeona kosa la hesabu hiyo mara moja. Mimi nikaingia.

Kuingia kulikuwa rahisi, nilishuka tu kama gunia. Kiti kilikuwa na vyuma viwili pembeni, na makalio yangu yakapita katikati yake kwa sauti ndogo kama kizibo kinavyoingia kwenye chupa. Magoti yakaja karibu na kidevu. Watu wawili watatu wakasimama kutazama. Nikajaribu kuinuka, kigari kikainuka pamoja nami, nikakaa tena haraka nikijifanya nachunguza usukani.

"Ona vile inateleza!" Mama Benta akawaambia wale watu (alikuwa ameshawaona kama wateja), na kabla sijafungua mdomo akanisukuma mgongoni kwa mikono yote miwili.

Sasa pale alipokuwa anauzia, njia inateremka. Si mlima, ni mteremko tu ambao ukitembea hata huusikii, lakini mtu mwenye mwili kama wangu akiwa juu ya matairi manne anausikia. Kigari kikaanza polepole, kikapata nia, pedali zikawa zinazunguka zenyewe zikinipiga miguu, na suruali yangu upande wa kulia ikaingia kwenye mnyororo ikaanza kuliwa kidogo kidogo kama muwa kwenye mashine. Nikavuta breki. Breki ikatoka yote ikabaki mkononi mwangu, na mimi, badala ya kuitupa, nikaishika juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kuzungumza.

"Yawa! Shikeni huyo mtu!" mmoja akapiga kelele.

"Si ni Mwalimu huyo?" mwingine akajibu, na hapo jina langu likaanza kukimbia mbele yangu, "Mwalimu! Mwalimu!" kwa sababu nusu ya soko walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Nikapita kando ya mabeseni ya omena, dagaa wa ziwani, mama mmoja akalikumbatia beseni lake kama mtoto. Nikapita katikati ya waumini waliovaa kanzu nyeupe wakiandamana na ngoma zao, wakagawanyika pande mbili kunipisha, na ngoma haikusimama hata kidogo, ikanisindikiza mpaka chini. Na chini, mbele yangu, nikaona rundo la viazi vitamu, na nyuma ya rundo, leso ninayoijua.

Nikaingia kwenye viazi. Suruali ikapasuka kutoka mguuni hadi mahali ambapo sitapataja. Kigari kikasimama.

Nikainua macho, nikakutana ana kwa ana na mama mkwe wangu.

Ndugu zangu, mimi nimewahi kuugua malaria kali, nimewahi kusimama mbele ya mkaguzi wa shule nimesahau daftari la masomo, lakini sijawahi kuomba ardhi inimeze kama siku ile. Soko zima lilikuwa linacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama muda wa kufumba na kufumbua jicho, akanijua, kisha akanipa mgongo polepole, kwa heshima zote, kama vile ametaka tu kuangalia ziwa. Akafungua leso yake ya pili mabegani, akairusha nyuma bila kugeuka, ikaniangukia magotini.

Halafu akawageukia waliokuwa wakicheka upande wake. "Mnacheka nini? Hamjawahi kuona mtu akianguka? Huyu ni baba wa wajukuu wangu. Mwiteni fundi wa baiskeli."

Kicheko kikapungua, wengine wakaanza kuokota viazi.

Fundi akaja, mtu mnyamavu aitwaye Ouma, na spana yake. Akafungua zile nati mbili, akaondoa kiti, wanaume watatu wakanivuta kwapani nikatoka, leso kiunoni, breki bado mkononi. Lakini Ouma hakuinuka. Aliinama chini ya kigari akikwaruza rangi kwa ukucha, akaniita.

"Mwalimu, kuja uone. Hapa chini ya kiti fremu imepasuka, halafu wamepaka rangi juu. Hii ingekatika na mtoto ndani."

Nikaweka kidole kwenye ule ufa na nikasahau suruali. Niliuona mguu wa Akinyi ukivunjika mara ya pili. Mama Benta alikuwa amefika mbio, akashika mdomo. "Woi! Haki ya Mungu, Mwalimu, mimi pia niliuziwa hivyo tu, sikujua." Nikamwamini. Akamwambia Ouma akichukue akichomelee upya na aweke breki ya baiskeli, gharama atalipa yeye mwenyewe.

Mama mkwe, bado amenipa mgongo, akazungumza na jirani yake muuza nyanya, kwa sauti ya kunifikia. "Mwambie baba Akinyi amlete mtoto mwenyewe. Kiatu hakinunuliwi kwa mguu wa mtu mwingine."

"Amesema umlete mtoto mwenyewe," muuza nyanya akaniambia, hatua moja kutoka pale.

"Mwambie nimesikia. Mwambie ero kamano," nikasema, ndiyo asante yetu ya Kijaluo.

Nikatembea hadi nyumbani na koti, tai na leso. Rose akafungua mlango, akanitazama juu mpaka chini.

"Hiyo leso ni ya mama," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Akaketi chini.

Jumapili iliyofuata tukaenda sote. Akinyi alikataa mara tatu, akaja akiwa amevaa sketi ndefu ya mama yake kuficha mguu, anatembea akichungulia kila uso kuona nani anamtazama. Na tulipofika tu, soko likanipokea: "Mwalimu! Leo umekuja na leseni?" "Pisheni, breki hana!" Wazee, akina mama, vijana wa Ouma, wote. Akinyi akanigeukia, akaniuliza ni nini, nikamweleza palepale, na mtoto ambaye hakuwa amecheka tangu mpera ule alicheka mpaka akashika meza ya Mama Benta asianguke.

Ouma alikuwa ameleta kigari, fremu ina chuma kipya, breki mbili. Akinyi akaketi, Ouma akasogeza kiti nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka goti likabaki limekunjwa nusu pedali ikiwa mbali kabisa, akasema hapo ndipo. Akinyi akapandisha sketi ili isiingie kwenye mnyororo. Ule mguu mwembamba ukawa nje, mchana kweupe, mbele ya Kibuye nzima. Akakanyaga. Goti likagoma, akauma meno, akalisukuma kwa mkono, pedali ikazunguka mara moja. Kisha ya pili.

Mimi niligeuka kuangalia kama kuna mtu anayeutazama mguu wa binti yangu. Hakuna. Wote walikuwa wananitazama mimi, wanaonyeshana kwa vidole, wanacheka.

Nimeapa sitaingiza tena mwili huu kwenye kitu kilichotengenezewa mtoto, na sitamnunulia mtoto kitu cha mwili wake bila yeye mwenyewe kuwepo. Kiapo hicho nimekishika hadi leo. Lakini kicheko kile cha Jumapili ya pili, wangekirudia mbele yangu mwaka mzima, ningekaa nikisikilize.