Sauti ya Malkia

Shemeji yangu hupasua mafaili ya michezo ya kompyuta, akang'oa sauti za wenyewe na kupachika za Kiswahili, kisha akawagawia wenzake mtandaoni. Wakitaka kugusa faili lolote yeye hung'ata kucha na kuwauliza, "Nakala mmeweka?" Malkia wa mchezo mmoja, shemeji alimpa sauti ya mama yake, aliyoirekodi kabla kiharusi hakijamfunga mama ulimi. Jana alilirekebisha faili la sauti hiyo, akaufungua mchezo. Malkia akafumbua mdomo, sauti hakuna. Shemeji akarudia, akarudia tena, jasho likimtoka.

"Nakala uliweka?" nikamuuliza.

Chumba cha pili mama akagonga kikombe kwa kijiko. Ndivyo anavyoita siku hizi.

"Naam, mama," akaitika, macho kwenye ule mdomo uliokuwa ukichezacheza.