Nyayo Kumi na Moja za Jhariwada

Damodhar Bhoyar alikuwa mtu wa hasira, na tusidanganyane, nusu ya hasira zake zilikuwa za haki. Miaka thelathini na moja alifundisha darasa la nne pale Jhariwada, kijiji kilichopakana na msitu, na miaka hiyohiyo, kila Jumapili, aliingia msituni kwa miguu kuwafuatilia chui milia, kisha akaandika alichokiona kwa ajili ya gazeti la wilaya. Aliandika vizuri, jamani. Lakini mhariri alimkatia makala kupisha tangazo la mbolea, na kila aliporipoti mitego ya majangili alijibiwa kwa barua ileile: "Suala lako linashughulikiwa." Zilijaza sanduku zima. Mkewe, Sindhu, alizitumia kuwashia jiko.

"Angalau hapa zinapika kitu," alisema mama huyo.

Kitu kimoja Mwalimu Damodhar hakukisamehe kamwe, nacho ni uongo. Mtoto akidai amemwona chui milia, aliulizwa: jua lilikuwa wapi? Mkia ulielekea upande gani? Akibabaika, hana mchezo siku hiyo. Kuna mwaka aliandika habari za chui milia jike akinywa maji kisimani, mhariri akatia chumvi, akaandika kwamba alinguruma mpaka miti ikatetemeka. Mwalimu alipanda basi kilomita arobaini kwenda kugombana naye. "Hakunguruma!" alipiga meza. "Alikunywa maji, akaenda zake! Hilo halikutoshi?"

Basi, mwaka aliostaafu, likaja balaa la makaa ya mawe. Kampuni moja ilitaka upande wa mashariki wa msitu, ule wenye maji, ichimbe shimo la kumeza vijiji vitatu. Serikali ikaitisha mkutano wa kusikiliza wananchi. Jhariwada nzima ikalala na imani moja: msitu hauwezi kuchimbwa, kwa kuwa sensa ya mwezi wa tano imesema una chui milia kumi na mmoja. Akina mama waliokuwa wakichuma majani ya kusokotea sigara waliitaja namba hiyo kama jina la mungu.

Siku hizo hapakuwa na kamera za kufunga mitini. Askari wa misitu walilainisha vumbi njiani, wakangoja mnyama apite, kisha wakatafuta unyayo wa mguu wa nyuma wa kushoto na kuumwagia plasta; ikikauka ilitoa nakala ya unyayo, na kila nakala ilihesabiwa chui mmoja. Mkuu wa kituo chao alimwita Mwalimu stoo azione nyayo zile, aandike makala ya sifa kabla ya mkutano. Zilikuwa zimepangwa rafuni, nyeupe, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Mwalimu akashika ya kwanza, akatabasamu. Akashika ya pili. Alipofika ya tano tabasamu lilikuwa limekwisha. Zote kumi na moja, kidole cha tatu kilipinda kwa ndani.

Alikijua kidole hicho. Kilikuwa cha jike mmoja aliyenaswa na waya miaka minne nyuma, naye Mwalimu ndiye aliyekaa siku mbili akilia na idara ya misitu mpaka wakaja kumnasua.

Alimkuta Bajirao Kodape, askari aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, akifagia uwanja.

"Bajirao, njoo hapa. Hii ni nini?"

"Unyayo, Mwalimu."

"Na hii?"

"Unyayo mwingine."

"Wa nani?"

Bajirao akakuna shingo. "Wa jirani yake."

"Ala! Na jirani yake naye kidole kimepinda? Ukoo mzima ulinaswa na waya mmoja?"

"Mwalimu, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mbona hii kubwa, hii ndogo?"

"Matope hupanua, vumbi hubana," Bajirao alisema, macho chini. "Askari asiyeleta unyayo huambiwa alilala, au amemuuza chui wake. Shemeji yangu wa doria ya pili ana watoto wanne, na kwake hapapiti hata paka. Nikamwazima wangu. Naye akamwazima mwenzake. Hatukukaa kikao, Mwalimu, ilikwenda yenyewe. Na plasta ulitufundisha wewe."

Hilo la mwisho lilimchoma. Alirudi nyumbani amefura, akakataa chakula, kisha akakila.

"Baba Vinay," Sindhu alisema, akimwongezea mkate wa mtama na pilipili ya kupondwa, "ukisema yuko mmoja, msitu umekwisha. Nani ataulilia msitu wa chui mmoja?"

"Na nikisema kumi na mmoja?"

"Utakuwa umesema uongo kama binadamu wengine. Hutakufa."

"Maisha yangu yote, Sindhu! Maisha yangu yote nimewachapa watu kwa neno hilihili!"

"Ndiyo. Na msitu umeongezeka kwa hayo?"

Alikasirika zaidi. Alikuwa ameandika vitabu viwili vyembamba na makala mia sita, na ukweli wote ule haukuzuia hata mtego mmoja. Sasa uongo wa askari wavivu ndio ungeokoa miti. Lo, dunia hii ina dharau!

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, chini ya turubai, joto la kuchemsha ubongo. Afisa wa wilaya alikaa mbele na karani wake. Wakili wa kampuni, kijana mpole aliyenyooshewa shati vizuri, alikaa pembeni akinywa chai. Akina mama wa majani walijaa chini. Mwalimu akaitwa, akaapa.

"Mwalimu," afisa alisema, "wewe hulipwi na idara wala na kampuni. Kwa ushahidi wako, Jhariwada ina chui milia wangapi?"

Aliwatazama akina mama. Wawili walikuwa wanafunzi wake. Mmoja alimfunulia kiganja, kumtia moyo.

"Kumi na mmoja," alisema.

Makofi yakapasua turubai. Mwalimu aliona aibu, lakini tuseme kweli, aliona na raha kidogo.

Wakili akasimama taratibu. "Tunamshukuru Mwalimu. Anajulikana hadi mjini kwamba hasemi uongo, kwa hiyo kampuni haina ubishi naye. Kumi na mmoja! Katika msitu mdogo namna hii! Basi hawa wamestawi, bwana mkubwa, wamejaa mpaka wanabanana. Tukichukua mashariki, watabaki na magharibi na hawatatikisika. Mimi binafsi nilikuwa na hofu. Wangekuwa mmoja au wawili, kusema kweli, hata wakubwa wangu wasingethubutu kuleta maombi haya. Nani angekubali kuandikwa kwamba alimfukuza wa mwisho?"

Mwalimu akakimbilia mbele ya afisa. "Ni mmoja!" alipiga kelele. "Yuko mmoja tu! Kidole kimepinda, zote ni zake, leteni hizo nyayo hapa!"

Afisa akamtazama juu ya miwani. "Mwalimu, umeapa. Sasa hivi walikuwa kumi na mmoja. Wamekufa hapahapa?"

Watu wakacheka. Hata akina mama wa majani walicheka, maana walidhani mzee wao anafanya mzaha.

"Bajirao!" Mwalimu aligeuka kumtafuta, akamwona ukutani, kofia mkononi. "Wewe ndiye uliyemwaga plasta. Waambie, mwanangu. Waambie ukweli!"

Bajirao alimtazama mkuu wake wa kituo, kisha akamtazama Mwalimu kwa huruma, akidhani anamsaidia.

"Ni kumi na mmoja, bwana mkubwa," alisema. "Mwalimu mwenyewe ameapa, na huyu hajawahi kudanganya."

Karani akaandika, akapiga mstari chini yake, akaita shahidi mwingine.