Yadi Tatu za Miavuli

Binti yetu alizikwa akiwa amezungushiwa kitenge cha samawati chenye miavuli ya njano. Sikuwepo. Nilikuwa magharibi ya nchi, kwenye ziwa ambamo watu wanatoa chumvi kama wengine wanavyochimba viazi. Hakuna aliyenituma. Nilimsikia dereva wa lori akilisimulia ziwa hilo pale Nateete, mtaa wetu hapa Kampala, na kesho yake nikapanda lori lake. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Nikiwa darasa la tano, Uvira, nilitoka shuleni wakati wa mapumziko kwenda kuangalia watu wakifyatua matofali, na sikurudi tena. Baada ya hapo nimeishi Bujumbura, Kigoma, Juba, na miji mingine ambayo sasa nakumbuka harufu yake tu.

Simu yangu ilikaa siku tano bila chaji. Nilirudi na bonge la chumvi mfukoni, la kumwonyesha mtoto, nikamkuta mke wangu amekaa mkekani, wanawake wa kanisa lake wamemzunguka, na mazishi yamepita siku mbili. Ni homa, waliniambia. Ilianza Jumatatu, ikamaliza kazi yake Alhamisi. Mke wangu hakunifokea. Alilichukua lile bonge mkononi mwangu, akalivunja kwa mchi, akalitia kwenye maharagwe ya wageni. Hiyo ndiyo iliyokuwa lawama yake, nami niliila pamoja na wengine.

Mimi huuza vitenge kwa miguu. Wakongo wengi Kampala tunafanya hivyo: unakunja kila kitenge upana wa mkono, lebo ikiwa nje, unapanga rundo juu ya bega na mkono wa kushoto, vya yadi sita chini, vya yadi tatu juu, kisha unatembea. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetulia. Kitenge cha miavuli kilitoka kwenye rundo langu. Mke wangu alikikata katikati siku ile ya msiba. Yadi tatu zilikwenda na mtoto. Yadi tatu zilibaki.

Miezi kadhaa baadaye alianza kwenda nazo kwenye maombi ya Jumatano. Kanisa lao ni banda la mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga, na saa sita mchana wanawake huja wakiwa wametoka kwenye biashara zao, wengine bado wana magamba ya samaki mikononi. Nilikuwa silijui kwa ndani. Nilikuwa nimeingia makanisa mengi, na misikiti ya Wanubi pia, lakini kama mtu anayezunguka soko bila kikapu. Siku moja mashine ya unga iliharibika, sauti za maombi zikasikika hadi barabarani, nami nikaenda kuchungulia dirishani.

Pale ndani wana desturi moja. Mwanamke anayemwomba Mungu mtoto hufunga mbeleko mgongoni, tupu, na huomba akiwa ameifunga hivyo mpaka amina ya mwisho. Wanaita kubeba kwa imani. Niliona wanawake saba au wanane, wamefunga nguo zisizo na kitu ndani. Mke wangu alikuwa katikati yao, ana miavuli mgongoni. Alikuwa ameinama kidogo mbele, anajitikisa taratibu kutoka mguu huu kwenda mguu ule, namna anavyofanya mtu asiyetaka mtoto aamke.

Sijui kwa nini nilikasirika vile. Labda kwa sababu kile kitenge kilikuwepo siku ambayo mimi sikuwepo.

"Pale unabeba nini?" nilimuuliza alipofika nyumbani.

"Ninabeba."

"Nauliza nini."

"Papa, wewe umeona mambo mengi duniani. Hili hujaliona, basi."

Alikuwa na kawaida ya kukifua kitenge kile kila Alhamisi, anakipiga pasi na kukikunja mkunjo wa dukani, kwa kuwa kitu unachokwenda nacho mbele za Mungu hakibebwi kama tambara. Alikiweka juu ya sanduku, kando ya bidhaa zangu. Asubuhi moja mvua ilikuwa inataka kunyesha, nikabeba rundo haraka, pamoja nacho, na kutoka. Nikisema nilikosea, ni kweli mpaka hapo.

Nilikuwa Nakasero, kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, mwanamke mmoja aliponisimamisha. Alipekua rundo, akavuta kimoja kutoka juu kabisa. "Hiki cha miavuli, sebo," alisema, namna wanavyoita bwana hapa.

Nilikiona. Nilikijua kabla hajakikunjua. Ningeweza kusema hiki hakiuzwi, mama. Alikiweka shavuni.

"Mbona laini? Kimeshafuliwa?"

"Ni laini ya kiwandani, nyabo."

Nikampa. Niliteremka hadi Nakivubo nikipiga mluzi, na katikati ya wale watu na zile teksi mluzi ukanikauka mdomoni.

Mke wangu alipokitafuta, nilimwambia labda kimechanganyika na vingine. Alilimwaga sanduku zima sakafuni, akalipanga upya, akalimwaga tena. Mara ya tatu hakupanga. Jumatano iliyofuata hakwenda kwenye maombi, wala ile iliyofuata. Aliacha kwenda kuuza dagaa. Aliacha hata kugombana na jirani yetu juu ya kamba ya kuanikia nguo, ugomvi ambao ulikuwa umedumu miaka miwili na wote wawili waliupenda. Jirani alinijia mlangoni akiwa na wasiwasi. "Mama yuko sawa? Nimeanika shuka upande wake tangu Jumapili, hajanitukana."

Nilidhani namwondolea kidonda. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya mkongojo.

Basi nikaanza kutafuta. Kila asubuhi nilipanda Nakasero na rundo langu, na badala ya kuuza nilitazama nguo za wanawake: viunoni, mabegani, mgongoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua nyanya alinigeukia. "Sebo, unatafuta mke au unatafuta kesi?" Wenzake walicheka mpaka nikahama upande wa barabara. Nilitembea mitaa ya ofisi na mahoteli, nikakaa kwenye vituo vya boda boda nikielezea miavuli ya njano kwa vijana ambao walidhani nimeibiwa. Maisha yangu yote nilikuwa nimetembea bila kutafuta kitu. Sikujua kwamba kutembea kunachosha hivi.

Ilikuwa kwenye mteremko uleule, wiki ya tatu, nilipoomba kwa mara ya kwanza. Sikupiga magoti, nilikuwa na mzigo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na dereva: "Mungu wa mke wangu, mimi na wewe hatujazoeana. Sikuombi mtoto. Naomba kitambaa tu." Niliona aibu, nikatazama kama kuna mtu aliyesikia. Kesho yake niliomba tena, na keshokutwa. Nilianza kumsimulia mambo mengine pia, ya ziwa la chumvi, ya simu isiyo na chaji. Hakujibu, lakini niligundua kuwa sikuacha.

Nilimpata yule mwanamke siku ambayo sikuwa nikimtafuta. Ilikuwa Jumapili, sokoni Nateete, hatua mia tu kutoka lile banda la mabati. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Sebo wa vitenge! Njoo, njoo nikusifu mbele za watu. Nguo yako haichuji!"

Akageuka ili niione. Miavuli ya njano ilikuwa imekazwa vizuri mgongoni pake, na ndani yake alikuwemo mtoto wa miezi minne hivi, shavu limebanwa kwenye samawati, mdomo wazi, amelala katikati ya kelele zote zile.

Nilikuwa nimeshapanga maneno. Ningempa vitenge viwili vipya kwa kile kimoja, hata vitatu.

"Wa kike?" niliuliza.

"Wa kike. Na hataki nguo nyingine. Nikimfunga na nyingine, analia mpaka majirani waje. Uliwekea dawa gani?"

Nilimwambia kitu cha kuchekesha, sikumbuki nini. Kisha nikaenda nyumbani bila kununua nilichotumwa.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Nilisimama mlangoni, nikamwambia yote. Nilimwambia nilikiona kabla hakijauzwa, nikakiuza. Nilimwambia kuhusu laini ya kiwandani. Kisu chake hakikusimama mpaka nilipofika kwenye mtoto.

"Alikuwa amelala?"

"Amelala."

"Kichwa kilikuwa ndani au nje?"

"Nje. Lakini kilikuwa kimeegemea."

"Kulikuwa na jua?"

"Alikuwa amemfunika na leso."

Akaendelea kumenya. Hakusema neno lingine siku ile, wala Jumatatu, wala Jumanne, na nilianza kufikiri juu ya malori. Nalisema wazi kwa kuwa ni kweli. Nilijua lililokuwa likienda Arua alfajiri, na lililokuwa likienda mpakani. Mtu kama mimi huyajua malori kama wengine wanavyojua ndugu zao.

Jumatano saa sita kasoro alikuwa bado amelala, amegeukia ukuta. Nilichukua kitenge kimoja kwenye rundo, chekundu, sikuangalia hata picha yake, nikaenda kwenye banda.

Mama muombezi, anayeuza samaki wakavu na ana sauti ya kuamsha mtaa, aliniona kwanza. "Papa! Vitenge tunanunua baada ya amina."

"Sikuja kuuza."

"Umekuja kufanya nini kwa wamama?"

Nilikunjua kile chekundu na kukitupa mgongoni. Nimeuza mamia ya nguo hizi, sijawahi kufunga hata moja. Ncha moja ilinipita shingoni, nyingine ikaning'inia. Walicheka wote, hata yule aliyekuwa tayari analia.

"Huyo amebeba mtoto au amebeba gunia la makaa?"

"Mwacheni. Nani alisema mgongo wa mwanaume ni wa kubebea mizigo tu?"

"Tunamwacha, lakini makaa yatamwagika!"

Mama muombezi hakucheka. Aliuliza taratibu, "Na mama mwenyewe?"

"Amechoka. Nimekuja kumpokea zamu."

"Basi simama pale alipokuwa anasimama."

Nikasimama. Wakaanza kuomba, kila mmoja na maneno yake, kwa pamoja, na mashine ya unga ikinguruma nyuma ya ukuta. Mimi sikuwa na maneno. Nilifikiri juu ya binti yangu, ambaye sikumbeba mgongoni hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na rundo la vitenge pale, au nilikuwa njiani. Watu wa kanisa hupenda kukuuliza siku uliyookoka. Wengine wanaijua mpaka saa. Mimi sina hesabu hiyo. Ninachojua ni kwamba katikati ya kelele zile niligundua mikono yangu imekwenda nyuma yenyewe, imeshikana chini ya ile nguo, kama inazuia kitu kisianguke. Sikuhisi uzito wowote, sitadanganya. Kitenge kilikuwa kitupu. Lakini sikuitoa mikono.

Tangu siku ile Jumatano nyingi zimepita, na bado tunangoja. Kuna siku naamini asubuhi, mchana nashindwa, nikifika kwenye mteremko wa Nakasero naanza tena. Sijapanda lori.

Lakini siku ile ya kwanza, pale bandani, nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia wale walio karibu yangu wanapunguza sauti, mmoja baada ya mwingine, kisha mtu akasimama nyuma yangu. Niliijua harufu ya sabuni yake. Vidole vilifungua fundo langu kifuani, vikaipitisha ncha moja chini ya kwapa, vikaikutanisha na nyingine, vikavuta kwa nguvu mpaka nikanyooka.

"Umefunga vibaya," mke wangu alisema sikioni mwangu. "Ataanguka."

Kisha akaja akasimama kando yangu, nami nikasogea, nikampisha mahali pake.