Herufi Mbili kwenye Kadi ya Mutua

Siku ile naikumbuka hata ninapotaka kuisahau, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami karani wa hospitali ndogo upande wa Tala, msichana wa Kidato cha Nne aliyejiona amefika. Daktari wetu hakujua Kikamba, kwa hiyo mimi ndiye niliyewasomea wagonjwa kadi zake. Wengine waliniita daktari. Sikuwakatalia.

Mama mmoja wa Ndithini, Nduku, alikuja kumchukua mwanawe Mutua, mwenye kifafa, aliyekuwa amelazwa wiki nzima. Kwenye kadi daktari aliandika D/C, na chini yake majina ya vidonge. Herufi hizo nilizijua kwa maana moja tu: dawa isimamishwe. Nikamwambia aache kumpa.

“Hata hizi za kila siku?” akauliza. “Si ungeuliza daktari kwanza?”

“Mwaitu, hapa mwenye kusoma Kizungu ni mimi ama ni wewe?”

Mwaitu kwa Kikamba ni mama. Neno la heshima, nami nililitoa kwa dharau. Daktari alikuwa chumba cha pili anakunywa chai, mlango wazi.

Kabla ya mwezi kwisha Mutua alikwenda kuchota maji kwenye kisima cha mchangani, kule mtoni. Kifafa kikamwangusha. Walimkuta kifudifudi, amekufa, katika maji yasiyofika magotini.

Nduku alirudi na kadi ileile. “Nisomee tena,” akasema.

Safari hii nilikwenda kwa daktari. Alinijibu bila hata kuweka kikombe chini: hapo alimaanisha mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na dawa zile ni za kuendelea nazo. Nikarudi kwa yule mama, nikamwambia, “Ndivyo daktari alivyoandika, mwaitu. Dawa ziachwe.” Akanishukuru. Alikufa akimlaumu daktari.

La kwanza lilikuwa ujinga na kiburi. Hili la pili ndilo linalonikosesha amani mpaka leo.

Sasa wewe umepata kazi ya kutafsiri huko hospitalini. Ukikuta herufi za mkato, hata zile unazodhani unazijua, usikisie. Inuka umuulize aliyeziandika, hata akikukunjia uso. Na mgonjwa akiwa na shaka, msikilize. Ukikosea, mwambie uliyemkosea angali hai. Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza, mwanangu, na akuepushe na shukrani kama ile niliyopewa mimi.