Vipimo vya Washukiwa wa Fundi Sylvance

Fundi Sylvance anaamini kwamba mtu akishasimama mbele yake na kunyoosha mikono apimwe, hana siri tena. Anajua nani amenenepa huku akidai anafunga, nani ana bega moja chini kwa sababu ya kubeba magunia ujanani, na nani amekuja kushonewa suti ya harusi ilhali moyo unataka kukimbia. Mimi naitwa Nduta. Tumegawana naye chumba kimoja cha kazi hapa Kayole, Nairobi, kwa miaka kumi na mmoja, yeye na cherehani yake upande wa mlango, mimi upande wa ukuta nikitia nguo vifungo na kukunja pindo, na nimeyasikia hayo yote hata nilipokuwa sitaki.

Ni fundi mzuri, nisimdhulumu. Koti aliloshona yeye linakaa mwilini. Ubaya wake ni kwamba hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi, na juu ya hapo anajiona mpelelezi.

Upelelezi ulianza miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi, Mwalimu Wasonga alipouawa. Wasonga na Sylvance walikuwa wa kijiji kimoja, huko Siaya. Mwalimu alikuwa amestaafu, akarudi nyumbani akafungua mashine ya kusaga unga. Mkewe, Awiti, alibaki Komarock, mtaa jirani na wetu, kwa sababu bado alikuwa na kazi ya ofisi mjini. Alfajiri ya tarehe kumi na mbili, mama mmoja aliyepeleka mahindi alimkuta Mwalimu amelala nyuma ya mashine, amepigwa utosini. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Mpaka leo hakuna aliyeshikwa.

Lakini polisi wakishindwa, Kayole haishindwi. Nje ya mlango wetu kuna benchi, na benchi lile ni la Mzee Kiarie. Alikuwa askari wa kanjo, wa baraza la jiji, miaka ishirini na mitano. Kazi yake ilikuwa kufukuzana na wauza nyanya, ila ukimsikiliza utadhani alikuwa mkuu wa makachero wote. Kiarie alileta sheria, Sylvance akaleta vipimo, maana washukiwa karibu wote alikuwa amewashonea.

Wa kwanza alikuwa Obura, mdogo wa marehemu, ambaye naye anakaa Komarock ila hurudi kijijini kila masika kulima. Sababu ilikuwa mpaka wa shamba. Mikonge ya mpakani, walisema, ilikuwa na tabia ya kuhama kila masika, na haikuhamia upande wa Mwalimu hata siku moja. Sylvance alimshuku Obura miezi mitatu mizima, kisha akafungua daftari lake la vipimo.

"Mkono wa Obura ni inchi ishirini na mbili," alisema. "Marehemu alikuwa futi sita na kitu. Huyu hawezi kumfikia utosini mpaka apande juu ya debe."

"Na debe lilikuwepo?" Kiarie akauliza.

"Mzee, pale ni pa kusaga. Madebe yapo."

Siku hiyo yote walilijadili lile debe, kama lingehimili uzito wa Obura au lingebonyea.

Wa pili alikuwa Maingi, aliyekuwa akiendesha ile mashine, ambaye Mwalimu aliwahi kumgombeza mbele ya wateja. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemleta hapa ashonewe koti la kazi, hivyo vipimo vilikuwepo. Mkono ulifika vizuri, ila bega la kulia lilikuwa limelegea. Wa tatu alikuwa mwenye mashine nyingine, ng'ambo ya mto, ambaye wateja wake walikuwa wamehamia kwa Mwalimu. Huyo tumbo lake lilikuwa inchi hamsini na mbili, na Sylvance alishikilia kwamba angesikika akihema tangu barabarani.

Mshukiwa alibadilika kulingana na aliyekuja dukani. Akiingia mtu wa upande wa Obura, mwenye hatia ni Maingi. Obura mwenyewe akija kuchukua suruali, lawama zote zilivuka mto. Mimi niliwacheka, lakini nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa nimeshamchagua Maingi, kwa sababu nilimwona mara moja tu akila andazi hapa mlangoni na sikupenda anavyotafuna.

Sasa lazima nieleze habari za lile daftari, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kila ukurasa Sylvance huacha mistari miwili mitatu mitupu. Siku hizi familia ikifiwa, wanawake wote huvaa sare ya kitambaa kimoja kwenye mazishi, na maiti hangoji fundi. Kwa hiyo oda ya msiba ikija inatangulia zote. Hilo ni haki, wala hakuna ambaye angelikataa akielezwa. Ila Sylvance hana ujasiri wa kumweleza mteja anayengoja. Anachofanya ni kuiandika ile oda ya msiba kwenye mstari mtupu, juu ya jina la anayengoja, na kuipa tarehe ya nyuma. Mteja akija amefura, anafunguliwa daftari. "Dada, jionee mwenyewe. Huyu alikutangulia." Watu wa mtaa huu wanaheshimu foleni. Wanaguna kidogo, wanaenda zao.

Mwezi wa Julai mwaka huu, Kiarie alipata wazo jipya kuhusu debe, na Sylvance akatoa daftari la mwaka ule ili athibitishe tena mkono wa Obura. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa, kikasimama.

"Awiti," akasoma. "Gauni za msiba, nyeusi na nyeupe, kumi na mbili. Tarehe tisa Machi."

Kiarie akasimama. Sijawahi kumwona akiliacha benchi haraka namna ile isipokuwa chai ikiletwa. "Mtu amekufa tarehe kumi na mbili," akasema taratibu. "Nguo za kumlilia zimeagizwa tarehe tisa."

"Lakini Awiti alikuwa huku Nairobi," nikasema.

"Aliye mbali ndiye wa kushukiwa kwanza, Nduta. Wa karibu huwa ametumwa."

Kim, mtu wa bodaboda aliyekuwa ameleta jaketi itiwe zipu, alishatoa simu. "Wazee, hapo kesi imeisha. Wacha nipige hiyo page picha."

Nilimtazama Sylvance, nikingoja acheke aseme ukweli. Hakucheka. Macho yalikuwa yanameta. Alikuwa ameusahau uongo wake mwenyewe, akausoma kama ushahidi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila ya huyu ilizunguka miaka miwili, ikamrudia, na hakuitambua.

"Fundi," nikamwambia, "hebu kumbuka vizuri uliandika lini."

"Nduta, tia vifungo."

Nikakasirika, nikatia vifungo. Ningesema palepale, Kim angefuta ile picha. Sikusema, kwa sababu ya hasira ya neno moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Jioni picha ilikuwa imefika Siaya, kwenye simu za kijiji kizima, na kufikia Alhamisi tukasikia yaliyoamuliwa huko. Kamati ya watu wa kijiji chao walioko Nairobi ingekaa Jumapili kuyapitisha. Daftari lingepelekwa polisi. Na Awiti, ambaye alikuwa anastaafu mwezi uliofuata arudi kuishi katika nyumba aliyojenga na mumewe, asikanyage tena boma lile wala kaburi lililomo ndani yake. Obura ndiye aliyepewa kazi ya kuja kuchukua daftari.

Ijumaa asubuhi Sylvance alikuwa anakata kola. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Nduta," akasema. "Ile kwaya ya Teresiah ilileta oda lini?"

"Tarehe kumi Machi."

Nakumbuka kwa sababu Teresiah, mwenyekiti wa kwaya, alikuja hapa mara kumi na nne. Mwishowe kwaya yake ilienda kwenye tamasha la Pasaka kila mtu na nguo yake, utadhani wameokolewa kwenye moto, na ikashika mkia. Teresiah alikuwa ameonyeshwa daftari. Alikuwa ameambiwa kuna aliyemtangulia kwa siku moja.

Sylvance alikaa chini, juu ya kitambaa cha mteja.

"Waambie," nikasema.

"Niwaambie daftari langu linadanganya? Nani ataniletea nguo tena?"

"Na Awiti je?"

Akaingia kazini kumwokoa yule mama kwa njia ya upelelezi, na sijawahi kuona kazi ngumu kama ile. Alimwambia Kiarie kwamba mtu mwenye mabega membamba vile hana roho ya kuua. Alimwambia kwamba huenda Awiti alinunua nguo nyeusi kwa ajili ya msiba mwingine, wa mbali, uliokuja kughairiwa. Kiarie alimtazama kwa huruma.

"Fundi," akasema, "ushahidi umeuleta wewe mwenyewe. Usianze kuuogopa."

Jumamosi saa nne Obura alifika, lakini hakuwa peke yake. Awiti alikuwa ametangulia mbele yake. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani, na alikuwa amevaa sketi yake ya ofisini. Na kwa bahati ambayo Sylvance hakuiomba, Teresiah naye alikuwa ndani, ameleta kitambaa kipya cha kwaya. Kiarie alikuwa kwenye benchi, bila shaka.

"Shemeji," Awiti akamwambia Sylvance, maana ni mtu wa kijiji cha mumewe, "naomba unionyeshe pale ulipoandika."

Sylvance akampa daftari. Awiti akavaa miwani, akasoma ule mstari mmoja kwa muda mrefu kuliko unavyostahili mstari mmoja.

"Tarehe tisa nilikuwa kazini," akasema. "Jioni tuliongea na Mwalimu kwenye simu, habari za bati la jikoni. Hapa nilikuja siku ya tatu baada ya yeye kufa. Ulinipima, ukaniuliza nani aligombana naye, nani alikuwa akimtembelea, mashine alifunga saa ngapi. Nilikujibu kila kitu. Nilidhani unanipa pole."

Obura akanyoosha mkono alichukue daftari. Sylvance akalishika.

"Obura, acha," akasema. "Hiyo tarehe ni ya uongo. Uongo wenyewe ni wangu. Shemeji alikuja tarehe kumi na tano. Niliandika tisa ili oda yake ionekane imetangulia ya kumi."

"Ya kumi ilikuwa ya nani?" Obura akauliza.

Hakukuwa na haja ya kujibiwa. Teresiah alikuwa ameshaweka kitambaa chake mezani.

"Fundi," akasema. "Ukanionyesha hili daftari."

"Ndiyo, Mama."

"Nikaenda kuwaambia wanakwaya wavumilie, kuna waliotutangulia."

"Ndiyo, Mama."

"Tulikuwa wa mwisho, Sylvance. Nyuma ya kwaya yenye watu wanne."

Akalichukua daftari, akaanza kufunua kurasa akiangalia kila mstari uliobanwa kati ya mingine. Kiarie akaja naye akachungulia begani kwake, akaomba waangalie ukurasa wa Novemba, koti lake la kijivu, lile lililochukua miezi minne. Wakahesabu.

"Nimetanguliwa na maiti sita," Kiarie akasema. "Na wawili kati ya hao maiti nimewaona juzi pale stejini, wazima, wakingoja matatu."

Nilicheka. Hata Obura alicheka. Sylvance alisimama katikati ya chumba, tepu shingoni, anayapokea yote. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilijivunia yeye, jambo ambalo sitamwambia. Alichukua kalamu bila kuambiwa, akaikata ile tisa, akaandika kumi na tano, akatia sahihi kando. Obura akaipiga picha, akaituma kwenye kamati, na kwa mkono wake mfupi akaandika chini yake kwamba mkutano wa kesho haupo na shemeji yake hana hatia.

Mambo yangeishia hapo kama Kiarie angejua kunyamaza.

"Basi," akasema akirudi benchini, "kama si mama huyu, tumebaki na watatu."

Awiti akavua miwani. Hakupandisha sauti.

"Mzee, nyinyi hapa mna wauaji watatu," akasema. "Mimi nimetafuta mmoja miaka miwili, sijampata. Mwezi ujao ninarudi kuishi pale. Nitakwenda sokoni, nitakwenda kanisani, na watu watanipa mkono. Kila mkono nitakaoushika sitajua kama ndio uliompiga."

Obura alitazama chini. Mimi nilikuwa na koti la mtu mapajani na sindano mkononi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nikiwa msichana. Miaka miwili tulikuwa tumekula andazi na kunywa chai juu ya kifo cha mume wa huyu mama. Hakuna siku tuliyomfikiria yeye, ila siku tulipotaka awe muuaji.

Nikaweka koti chini, nikaenda nikamshika mkono. "Pole, Mama," nikasema. Kiarie akavua kofia, akaja, akasema pole. Akafuata Teresiah, na Sylvance akaja wa mwisho, akaushika tu mkono wake. Awiti alituitikia mmoja baada ya mwingine, "Asante, asante," kwa utaratibu, kama mtu aliyefiwa jana.